Kwa Nini Wanawake Tulikizunguka Kijiwe

Ninyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri kwanza. Miguu chini ya kiti, simu kifudifudi. Nawaandikia ninyi kwa sababu ndio mnaopita na pikipiki zenu mkisema wazee tunatembea kama kuku aliyepoteza banda. Sitembei hivyo. Kila kona ninayokata ina sababu yake, na sababu moja ina mke na watoto, na mke huyo nimemzaa mimi.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maua humu. Nasema lililotokea.

Mimi ni mzaliwa wa Kisarawe, upande wa Kurui, ndani kabisa mashambani. Tulikolelewa sisi, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani hivi hivi. Mkionana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite, na anayeingia ni mwanamume, kama alilelewa. Jina lake hulitaji. Sinia moja hamli. Ukiwa na neno la kumwambia, unauambia ukuta: "Wewe ukuta, mwambie huyo mgeni chakula kiko tayari." Naye anaujibu ukuta: "Ukuta, mwambie mama nashukuru, nimeshiba." Anasema ameshiba na huku tumbo linanguruma. Ndiyo adabu.

Hiyo si chuki, ni heshima, tena nzito. Marehemu mume wangu alikuwa akiendesha baiskeli na gunia la mkaa nyuma, akamwona mama yangu anatokea kwenye kona. Hakusimama hata kufikiri. Aliingia kichakani na vyote, baiskeli, mkaa na yeye mwenyewe. Gunia likapasuka. Mama akapita akitazama mawinguni kama anayetafuta mvua, na alipofika kwangu akasema, "Mumeo ni mtu mwema. Nenda kamtoe miiba."

Baadaye tukahamia Kibaha, hapa Picha ya Ndege, wakati viwanja vingi vilikuwa bado mihogo na nyasi. Binti yangu wa pili akaolewa na kijana ambaye wazazi wake walitoka kaskazini na ng'ombe wao. Ni mchapakazi. Hanywi, hapigi, jioni anarudi nyumbani. Lakini amekulia mjini, na kwake yeye mama mkwe ni mtu wa kucheka naye. Kazi yake bodaboda, na kijiwe chao kiko katikati ya njia iliyonyooka kutoka kwangu kwenda sokoni na zahanati. Tena yeye ndiye kiongozi wao.

Siku ya kwanza kupita pale baada ya ndoa, nilijitanda khanga mpaka puani nikatazama chini, nikitegemea atageuka. Hakugeuka. Aliniona toka mbali akapaza sauti kijiwe kizima kisikie.

"Mama! Mama mkwe! Shikamoo! Njoo upande nikufikishe, bure!" Na huku anakipiga kiti cha pikipiki kwa kiganja, pa, pa, pa.

Hebu fikirini. Nipande nyuma ya mume wa mwanangu, nimshike kiuno, tupite naye sokoni. Bora nirudi Kurui kwa magoti. Kando palikuwa na shamba la mihogo la mtu nisiyemjua. Nikaingia humo, nikasimama katikati ya miti, mgongo kwake. Mwenye shamba akatoka.

"Bibi, umepoteza nini kwenye mihogo yangu?"

"Sijapoteza kitu. Napita."

"Unapita umesimama?"

Tangu siku ile nikawa nazunguka. Natokea uani, napita wanapofyatua matofali, nashuka bondeni, napanda kwenye mashine ya kusaga, ndipo naibukia sokoni nimelowa jasho, na mchicha niliokwenda kuuza umeshalala. Binti yangu alijua sababu, akanyamaza. Mumewe hakujua. Alidhani naogopa pikipiki.

Ndipo akaja yule binti wa chuo kikuu. Alikuja na baiskeli, ila hakuipanda, aliikokota, maana mchanga wetu haupatani na matairi membamba. Kichwani kofia ngumu kama anajenga ghorofa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Baiskeli inaumwa?"

"Hapana bibi, ni mchanga." Akaiegemeza ukutani, akafuta jasho. "Tunafanya utafiti wa usafiri endelevu."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Usafiri usiochafua hewa, bibi. Kutembea kwa miguu, baiskeli, vyombo vidogo vidogo vya umeme."

"Kutembea kwa miguu kunasomewa chuo kikuu?"

"Ndiyo bibi."

"Mpaka wanakupa shahada?"

"Hii itakuwa ya pili."

Nikamtazama toka juu mpaka chini. "Basi mimi ni profesa. Kaa ule."

Akala, tena akala vizuri, nikampenda. Akanieleza kwamba wanataka kutengeneza njia ya mfano hapa mtaani, ya watembeao na waendesha baiskeli, ngumu, isiyo na mchanga, yenye miti ya kivuli. Kabla ya kuijenga wanataka kujua watu wanapita wapi hasa. Akatoa kifaa kidogo kama kiberiti, kina kamba ya kuvaa shingoni.

"Kinasikia?" nikauliza.

"Hapana bibi."

"Kinaona?"

"Hakioni. Kinajua tu ulipo."

"Asiyeona wala kusikia anajuaje nilipo?"

"Kinawasiliana na setilaiti, bibi, huko juu."

"Basi waambie huko juu kwamba chooni nitakivua."

Tukavalishwa wengi, wanawake kwa wanaume, wanafunzi kwa wazee. Shoga yangu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaingiwa na hofu kwamba kifaa kitamsema mvivu. Akaanza kwenda misiba ya watu asiowajua, kwa miguu, mpaka Mbwawa huko. Nikamuuliza, "Marehemu ni nani wako?" Akanijibu, "Simjui, lakini kwao ni mbali vizuri."

Mimi nikatembea kawaida yangu. Nikazunguka. Siku moja yule binti wa chuo akaomba tufuatane, ajionee mwenyewe. Tulipofika kwenye matofali, jasho limeshamshuka mpaka kidevuni, akasimama.

"Bibi, mbona kuna njia fupi kule?"

"Ipo."

"Kwa nini huipiti?"

Sasa mimi ningesemaje? Jina la mkwe silitaji, na habari za mkwe humpelekei mgeni njiani. Nikamjibu kwa heshima zote: "Mwanangu, kule kuna mtu ambaye siwezi hata kumtaja."

Macho yakamtoka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanibana. "Pole sana, bibi. Pole sana." Akaandika kitu kwenye kishikwambi chake. Mimi nikaona, huyu mtoto ana malezi, ameelewa.

Hakuelewa hata kidogo, na mimi sikuelewa kwamba hakuelewa, tukaendelea na safari tukiwa marafiki.

Vifaa vikakusanywa. Baadaye tukaitwa mkutanoni, ofisi ya serikali ya mtaa. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, vijana wa kijiwe wamesimama nyuma mlangoni na kofia zao ngumu mikononi. Yule binti alikuja na mwalimu wake. Wanamwita dokta lakini hatibu. Shoga yangu alimweleza habari za goti lake, naye akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamwambia aende zahanati. Ukutani wakabandika karatasi kubwa, ramani ya mtaa wetu, na nyendo zetu wamezichora kwa rangi. Wanafunzi buluu, wanaume kijani, wanawake nyekundu.

"Wazazi wangu, tazameni hapa," dokta akasema. "Hii ndiyo njia iliyonyooka kwenda sokoni. Buluu inapita. Kijani inapita. Nyekundu ikifika hapa," akagonga kwa kalamu, "inakunja. Inazunguka kote huku. Kama kuna ukuta."

Mwenyekiti wa mtaa akasogeza uso. "Hapo hapana ukuta."

"Hapana. Tulikwenda kuangalia. Pana kijiwe cha bodaboda."

Shingo zote zikageuka mlangoni. Dokta akaendelea kwa upole, kama anayetoa habari ya msiba. Wanawake wanakihofia kijiwe. Mmoja wao, mtu mzima, amefika hadi kushindwa kumtaja mtu wa pale. Njia ya mfano haiwezi kupita mahali ambapo wanawake hawapiti. Kwa hiyo wanapendekeza kijiwe kihamishwe, kiende juu kwenye lami.

Juu kwenye lami kuna kijiwe kingine, na wale wa kule hawapokei mtu, hilo kila mmoja humu analijua. Kuwahamisha ni kuwafukuza. Binti yangu alikuwa amekaa mbele yangu na mtoto mgongoni. Akageuza shingo polepole akanitazama.

Mumewe akapaza sauti kutoka mlangoni. "Mwenyekiti, naomba kusema! Hawa mama zetu tumewakosea nini? Mimi nawaheshimu! Mama mkwe wangu yumo humu humu, muulizeni! Kila nikimwona namwambia panda bure, hapandi!"

Khanga yangu ilikuwa usoni kabla hajamaliza.

Binti yangu akaja akachuchumaa kando yangu. "Mama, sema."

"Nitasemaje na yeye yupo?"

"Wanadhani mnamwogopa."

"Waache wadhani."

"Kijiwe kikiondoka tutakula nini, mama? Watoto watakula heshima?"

Nikikaa kimya, heshima yangu inakwenda kuzima jiko la mwanangu. Nikisema, nasema mbele ya mkwe, tena mkutanoni, jambo ambalo mama yangu asingelifanya hata kwa kushikiwa panga. Nikasimama. Nikatembea mpaka mbele, nikampita dokta, nikasimama uso kwa uso na ile ramani, mgongo kwa watu wote.

Dokta akadhani macho yangu hayaoni. Akaishusha ramani kidogo. "Kwako ni hapa, bibi."

"Kwangu nakujua."

Mwenyekiti akasema, "Bibi, watu wako huku."

"Najua waliko. Ndiyo maana nimegeukia huku." Nikakohoa. "Wewe ukuta, waambie hawa. Mimi siogopi bodaboda. Kurui nimefukuza fisi kwa mchi. Nazunguka kwa sababu pale kijiweni yupo mume wa mwanangu, na mimi sikulelewa kupita mbele ya mkwe nikipunga mkono. Huyo nisiyeweza kumtaja ni yeye, simtaji kwa sababu namheshimu. Na yeye mwambie, ukuta: hiyo pikipiki nikiipanda, nitamshika wapi?"

Kicheko kilichotoka pale kiliamsha watoto migongoni. Kisha akina mama wakaanza.

"Na wangu yupo pale!" Huyo shoga yangu.

"Mimi ninao wawili!"

"Wangu yule mwenye fulana ya njano, hata sasa nimemwona, jamani nizibeni!"

Ikawa wazi kwamba kijiwe kizima ni wakwe. Na kwa nini isiwe? Vijana wanakaa pale kutwa, mabinti zetu wanapita pale kutwa, mlitegemea nini? Kule mlangoni wanaume wazima walikuwa wanajificha mmoja nyuma ya mwingine.

Binti wa chuo alikuwa anabonyeza kishikwambi kwa haraka, mashavu yamemwiva. "Samahani bibi. Kwa hiyo kikwazo ni… mkwe?"

"Andika mkwe."

"Humu nina mashimo, maji, giza, mbwa, na usalama. Mkwe sina."

"Mweke karibu na mbwa," akadakia shoga yangu.

Dokta mwenyewe akavua miwani akacheka mpaka akaifuta. Mimi nikajua shughuli imekwisha. Nikaanza kujipanga kurudi kitini na shingo yangu imenyooka. Ndipo ikasikika sauti ya fundi cherehani, yule mwanamke anayeshona pale barabarani, hajaolewa, ametoka mbali na hana ndugu hapa.

"Bibi kasema ya kwake, na ni kweli. Lakini mimi mkwe sina. Mimi nazunguka kwa sababu ya midomo yao."

Akanyoosha kidole mlangoni.

"Nikipita wananiambia, 'Dada, hiyo miguu umeiazima, mbona unaitunza hivyo? Panda.' Nikinyamaza, 'Anajisikia.' Nikijibu, 'Ana mdomo.' Nimechoka. Dokta hajakosea. Na mimi nimo kwenye hiyo nyekundu."

Wanawake vijana wawili watatu wakaitikia kwa vichwa, bila kutazama mlangoni. Mimi bado niko ukutani, na nilikuwa nimekwisha kusema kwa niaba ya wote.

"Ni utani tu huo, dada yangu," mkwe akasema.

"Ukuta," nikasema, "muulize huyo anayesema ni utani, mke wake angetaniwa hivyo angefurahi?"

Kabla ukuta haujamuuliza, binti yangu akajibu. "Mama, ndivyo alivyonipata."

Nikasahau mila, ukoo na mahali nilipo. Nikageuka. "Uliniambia mlikutana kwenye maulidi!"

"Nilikuwa naelekea kwenye maulidi."

Sasa nilipogeuka, macho yangu yakaenda moja kwa moja mlangoni, yakakutana na ya mkwe. Ana kwa ana, mbele ya mtaa mzima. Na yule kijana, Mungu ambariki, hapo hapo ikamwingia. Akaivaa kofia yake ngumu kwa haraka, akashusha kioo, akageukia nje. Humo ndani mwa ofisi. Nikarudi kwangu ukutani.

Mwenyekiti alipopata pumzi akasema neno la mwisho. Kijiwe kitabaki kwa sasa. Vifaa vitavaliwa tena, na ramani ya pili itachorwa. Nyekundu ikinyooka, kijiwe kitakaa kando ya njia mpya. Ikizunguka tena, kinaondoka, mkwe au si mkwe.

"Na midomo?" fundi cherehani akauliza.

Kutoka ndani ya ile kofia ikatoka sauti kama ya mtu aliye pipani. "Itafungwa."

Kesho yake asubuhi nikabeba mchicha wangu nikaishika njia iliyonyooka. Fundi cherehani alikuwa ananisubiri kwenye kona, akaomba tufuatane. Tulipotokeza, kule kijiweni mtu akapiga mluzi, na wakwe wote wakasimama kwa pamoja wakageukia kibanda cha vocha. Mstari mzima wa migongo. Abiria mmoja akafika na gunia lake.

"Boda! Boda!" Hakuna aliyegeuka. Akaniuliza mimi, "Bibi, hawa wamegoma?"

"Wana adabu. Subiri kidogo."

Nikiwa napita nikamsikia wangu anazungumza na kile kibanda. "Wewe kibanda, mwambie mama shikamoo."

Msichana anayeuza humo ndani akachungulia. "Nani, mimi?"

"Marahaba," nikauambia upepo, nikapita. Mchicha wangu ulikuwa bado umesimama. Nusura nitabasamu.

Lakini mwisho wa ule mstari kulikuwa na mmoja ambaye hakugeuka, kwa sababu hajaoa na hana mkwe wa kumpa mgongo. Ni mwanangu wa mwisho, mwanamume mwenye ndevu, anayelala kwangu na kula kwangu, na kijiweni anakwenda kukaa tu. Macho yake yalikuwa kwa fundi cherehani, aliyekuwa hatua chache nyuma yangu.

"Dada, leo hiyo miguu…" akaanza. Ndipo akaniona mimi. "…pole na safari."

Fundi akapunguza mwendo, akatazama nyuma, kule kwenye njia ya matofali. Nikamshika mkono nikamvuta, tukaenda naye mpaka sokoni. Lakini niliona alivyotazama. Jicho lile moja lilitosha kuikunja ile nyekundu upya, na kumwondoa baba wa wajukuu zangu pale anapopatia unga.

Mchana nikawaita wote barazani, binti yangu na watoto wake, na yule mwenye ndevu aliyekuja ananukia sabuni akidhani ameitiwa chakula. Chakula kilikuwepo. Nilikuwa nimekifunika, na mkono wangu uko juu ya kawa.

"Sirudii," nikawaambia. "Kuanzia leo hakuna mtu wa nyumba hii kuzunguka kwenye matofali. Kila mtu apite njia iliyonyooka, awe na kifaa shingoni asiwe nacho. Wewe, mwambie mumeo kugeuka kunatosha, asiache riziki kwa ajili yangu. Akiwa na abiria apige honi moja, nitageuka mimi. Na wewe mwenye ndevu, kila neno utakalomtupia mtoto wa mwenzako pale kijiweni, utakuja kulirudia hapa, mbele yangu, usoni, ndipo upewe sahani. Haya, anza na lile la asubuhi."